Ujumbe wa 112 unaozunguka kwenye simu zetu: umepatia wapi, umekosea wapi

Bila shaka umeshaupata. Unaingia kwenye kundi la ukoo, la kwaya au la wazazi wa shule, una ile alama ya mishale miwili inayoonyesha umeshapita mikono mingi, na unaanza kwa kutuambia kwamba simu zetu zina uwezo ambao kampuni zinatuficha. Halafu zinafuata siri zenyewe. Namba 112 inapatikana dunia nzima hata mahali pasipo na mtandao. Ukiishiwa chaji, bonyeza nyota 3370 reli, betri ya akiba itafunguka. Ukifungia funguo ndani ya gari, mtu wa nyumbani abonyeze rimoti karibu na simu yake, wewe uweke yako karibu na mlango, utafunguka. Mwisho kabisa: watumie uwapendao.

Nataka tuusome ujumbe huu kwa makini, kama ambavyo tungesoma kitabu au filamu kwenye ukurasa huu. Sababu ni rahisi. Watu wengi hawajawahi kufundishwa popote namna ya kupiga simu ya dharura. Shuleni hatukufundishwa, na wanaosajili laini hawakwambii. Kwa hiyo kwa watu hao somo zima la jambo hili ni huu ujumbe wa WhatsApp, na siku gari likipinduka mbele yako hutakuwa na muda wa kutafuta somo lingine.

Asili yake si ya hapa kwetu. Ulizunguka kwanza kwa Kiingereza, kwenye baruapepe za katikati ya miaka ya 2000, enzi Nokia ilipokuwa mfalme. Alama yake ya kuzaliwa ni hiyo 3370. Ni kweli kwamba namba hiyo ilifanya kitu kwenye baadhi ya Nokia za zamani: iliwasha njia bora zaidi ya kubana sauti kabla haijarushwa hewani, ili unayeongea naye akusikie vizuri. Gharama yake ilikuwa kwamba simu ilitumia umeme zaidi na betri iliisha mapema kidogo. Yaani siri ya kuokoa chaji ilikuwa, kwenye simu chache ambako ilifanya kazi, ni njia ya kumaliza chaji. Kwenye simu uliyonayo leo haifanyi lolote, ila inakupotezea sekunde ambazo ungeongea na mtu.

Ile ya rimoti ya gari tusiikalie. Rimoti haitoi sauti, inatoa mawimbi ya redio, mara nyingi kwenye megahezi 315 au 433. Maikrofoni ya simu inapokea sauti, na simu ya kawaida hubeba zile za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Ni sawa na kutaka kusikiliza mwanga wa taa. Tuendelee.

Dai la 112 ndilo lenye nyama, kwa sababu nusu yake ni kweli, na ni nusu nzuri mno kuitupa.

Tatizo linaanzia kwenye neno “mtandao”. Kiswahili chetu cha mtaani kinalitumia kwa mambo mawili. Ukiniuliza “unatumia mtandao gani?”, unaniuliza kampuni. Nikikwambia “huku hakuna mtandao”, nazungumzia mnara: simu haishiki kitu. Ujumbe unasema 112 inapiga “bila mtandao”, na haukwambii ni upi kati ya hiyo miwili. Kwa maana ya kwanza umepatia. Kampuni yako ikiwa haina mnara hapo ulipo lakini kampuni nyingine inao, simu yako inaweza kuomba nafasi kwenye mnara wa jirani kwa ajili ya dharura tu. Ndiyo maana wakati mwingine kwenye kioo unaona maneno ya simu za dharura pekee badala ya jina la kampuni yako. Simu inakwambia: nimeona mnara, si wa kwetu, lakini ukiwa na shida utanipokea.

Kwa maana ya pili umekosea, na kosa hili ni la hatari. Simu ni redio. Isipoona mnara wowote, wa kampuni yoyote, haina mtu wa kuongea naye. Hakuna namba ya siri inayolipita hilo. Mtu aliyeuamini ujumbe huu anaweza kukaa bondeni akipiga 112 mara thelathini, wakati kupanda mlima dakika kumi kungempa mnara. Tena ukiwa mbali na mnara simu inaongeza nguvu ya kurusha ili isikike. Simu ya GSM kwenye masafa ya 900 inaweza kufika wati 2, na ikiwa karibu na mnara inashuka hadi sehemu ndogo sana ya hapo. Kwa hiyo kujaribu tena na tena pabaya ndiko kunakokausha betri. Ukibaki na asilimia tano porini, zima data, punguza mwanga wa kioo, weka simu katika hali ya ndege huku unatembea kwenda pa juu, kisha uifungue tena. Na jaribu pia meseji ya kawaida kwa ndugu au rafiki anayejibu haraka, yenye mahali ulipo na tatizo lako. Meseji ni fupi na mara nyingi hupita mahali ambapo sauti inakatika.

Kuna jambo jingine kuhusu 112 ambalo ujumbe haukulijua, nami naona ndilo tamu kuliko yote. Ukibonyeza 112, simu yako haitumi tarakimu hizo kwa mnara kama inavyotuma namba ya shangazi. Inazitambua yenyewe kwamba ni za dharura, na badala yake inapeleka ombi la aina ya pekee linalosema: hii ni dharura. Mtandao unaiweka mbele ya simu nyingine, hauulizi salio, na wenyewe ndio unaoamua kuielekeza wapi. Viwango vya kimataifa vya simu za mkononi vinataka kila simu izitambue 112 na 911 hivyo. Namba nyingine hutegemea orodha iliyoandikwa ndani ya laini yako au iliyotumwa na mtandao ulio nao.

Sasa fikiria Tanzania. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi ni 112. Nyumba ikiwaka moto na simu yako ina mtandao vizuri, piga 114, uongee moja kwa moja na wenye maji. Lakini kama kioo kinaonyesha dharura pekee, 114 inaweza kuchukuliwa na simu yako kama namba ya kawaida, na namba za kawaida hapo hazipiti. Hapo 112 ndiyo ya kujaribu kwanza, uwaambie polisi ni moto. Tofauti hii ndogo ingestahili mstari mmoja kwenye ule ujumbe. Mstari huo ulichukuliwa na rimoti ya gari.

Na hiyo “dunia nzima” je? Simu kuitambua 112 ni jambo moja, nchi kuwa na mtu wa kuipokea ni jambo lingine. Namba hizi zilikuja kwa nyakati tofauti: London ilianza 999 mwaka 1937, Marekani ikapiga 911 ya kwanza mwaka 1968 huko Alabama, na Ulaya ikakubaliana juu ya 112 mwaka 1991. Viwango vya GSM viliibeba 112 kutoka Ulaya, na ndiyo maana iko ndani ya simu iliyouzwa Kariakoo. Kenya zinatumika 999, 112 na 911. Hata suala la kupiga bila laini linabadilika: viwango vinaruhusu, lakini Ujerumani ilifunga mlango huo mwaka 2009 kwa sababu ya simu za mzaha, na Uingereza nayo haikubali simu isiyo na laini. Na ukiwa mpakani, tuseme Holili au Namanga, simu inaweza kushika mnara wa upande wa pili, na 112 yako ikapokewa na polisi wa nchi ya jirani. Kwa hiyo wakipokea, anza kwa kutaja nchi.

Mpaka hapa nimeusahihisha tu. Lawama yangu kubwa ni nyingine. Ujumbe mzima unaichukulia simu kama hirizi: ukijua maneno ya siri, msaada unatokea. Hakuna mtu upande wa pili. Haujataja popote kwamba kuna binadamu atakayepokea, atakayeuliza maswali, na ambaye hawezi kutuma hata baiskeli mpaka ajue uko wapi.

Tunadhani anajua. Tumezoea ramani za simu zinazotuonyesha kidoti cha bluu juu ya nyumba yetu, basi tunaamini na yule afande anakiona kidoti hicho. Kidoti kiko kwenye simu yako. Kinachojulikana na mtandao kwa urahisi ni mnara uliokubeba na upande wake, na mjini hilo linaweza kuwa eneo la mita mamia kadhaa, vijijini kilomita nyingi. Ipo teknolojia inayoifanya simu itume mahali ilipo yenyewe pale unapopiga dharura. Ilianza Uingereza mwaka 2014, Android ikaichukua 2016 na iPhone 2018. Lakini inafanya kazi tu pale ambapo nchi na vituo vya kupokea simu vimejiunga nayo. Wewe panga maneno yako kana kwamba haipo.

Na hapa ndipo tunapofeli, maana namna yetu ya kutaja mahali imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotufahamu. “Niko Mbezi.” Mbezi ipi? Dar es Salaam ina Mbezi Beach, na ina Mbezi ya barabara ya Morogoro, na kutoka moja hadi nyingine kwa foleni za jioni unaweza kumaliza mahindi ya kuchoma mawili. “Karibu na duka la Mangi.” Ndugu yangu, ni mtaa gani hauna duka la Mangi? Anayepokea simu anahitaji kushuka ngazi kutoka pakubwa kwenda padogo: mkoa, wilaya, kata, mtaa, kisha alama ambayo mgeni anaweza kuiona usiku, kama msikiti wenye mnara, kituo cha mafuta au shule. Kwenye barabara kuu taja unatoka wapi kwenda wapi, na mji wa mwisho mliopita. Zile nguzo za kilomita kando ya barabara, ambazo abiria huwa tunazihesabu ili safari iishe, ndizo anwani bora kuliko zote huko.

Tuna kitu kizuri zaidi na tumekipuuza. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi: mitaa ikapewa majina, nyumba zikabandikwa namba, na ikatengenezwa programu ya NaPA ya kuzitafuta. Je, unaijua namba ya nyumba unayolala? Sikuulizi kukukomesha. Toka nje ukaiangalie, uipige picha, uitume kwenye kundi la familia, hasa kama nyumbani yuko bibi na dada wa kazi mchana kutwa. Ujumbe huo nao uzungushwe kwa mishale miwili.

Kuna na suala la mpangilio. Sisi tumelelewa kusalimia. Hata nyumba ikiwaka, mtu ataanza: “Shikamoo afande, habari za kazi,” halafu asimulie tangu gari lilipotoka Chalinze. Salamu ni jambo jema, lakini simu inaweza kukatika sekunde ya kumi. Kitu cha kwanza kitoke kinywani ni mahali. Cha pili ni kilichotokea na watu wangapi. Kisha acha ulizwe, na usikate wewe kabla hujaambiwa ukate. Anayekuuliza kama mgonjwa anapumua hapotezi muda. Anataka kujua atume nini, na pengine akuelekeze kukandamiza kifua huku gari likiwa njiani, kwa sababu ubongo usiopata damu huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Weka spika ya nje ili mikono yako ibaki huru.

Nataka nilinganishe ujumbe wetu na kazi nyingine iliyo kwenye eneo hilohilo, maana kukosoa bila kuonyesha kilicho bora ni rahisi mno. Angalia m-mama. Ni mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ulioanzia Kanda ya Ziwa na mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa. Namba yake ni 115, bure. Ukiitazama kama namba, haina maajabu yoyote: tarakimu tatu, hakuna siri. Maajabu yako nyuma yake. Anayepokea ana maswali yaliyopangwa, ya kupima uzito wa tatizo. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anampigia dereva wa kijamii aliyesajiliwa, mtu wa kawaida mwenye gari lake, na dereva analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama kituoni. Waliobuni walijiuliza swali ambalo ujumbe wa WhatsApp haujawahi kujiuliza: baada ya kupokelewa, nini kinafuata? Mafuta yanalipwa na nani? Kosoro za mpango kama huu zinaweza kujadiliwa siku nzima, lakini walau zinajadiliwa kama kosoro za barabara, magari na watu.

Kwa haki, mabango rasmi nayo yanastahili kipande chao cha lawama. Mengi niliyoyaona ukutani yana namba kubwa nyekundu, picha ya mkonga wa simu ya mezani, na basi. Hayasemi utaulizwa nini. Hayasemi kwamba ukipiga namba fupi ukiwa Dodoma kwa ajili ya kaka aliyepata ajali Mwanza, simu kwa kawaida inaelekezwa kulingana na mahali ulipo wewe, si alipo kaka. Hilo ni tukio la kila siku kwetu, ambako mgonjwa yuko kijijini na mwenye salio yuko mjini. Kama ni hivyo, mpigie jirani yake aliye palepale, apige yeye, au uwe na namba ndefu ya kituo cha kule. Bango lenye mstari huo lingefanya kazi kuliko lenye nembo tano za wafadhili.

Na pale kwenye ajali yenyewe, penye watu arobaini na simu arobaini zinazorekodi, usidhani kuna aliyepiga. Wanasaikolojia Latané na Darley walilijaribu jambo hili mwaka 1968 huko Marekani: mtu aliyeamini wapo wengine wanaosikia shida hiyohiyo alichelewa kusaidia, au hakusaidia kabisa, kuliko aliyedhani yuko peke yake. Dawa yake ni kumwonyesha mmoja kwa kidole. “Kaka wa shati la njano, piga 112, waambie tuko hapa, kisha uniambie wamesemaje.” Akishaitwa hivyo hawezi kuendelea kurekodi.

Limebaki moja ambalo wote, ujumbe na mabango, wanalikwepa. Wakati mwingine inaita tu. Au inapokelewa, lakini gari limekwenda kwingine. Hilo halifanyi 112 kuwa ya kupuuzwa. Ipigwe kwanza, na ipigwe tena. Ila kwenye simu yako, mchana huu ukiwa umetulia, hifadhi pia namba ya kituo cha polisi cha karibu, ya zahanati au kituo cha afya, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na uzijaribu kama zinapokelewa. Ongeza na ya dereva wa bajaji au teksi anayelala mtaa wenu na anayeamka akipigiwa saa nane usiku. Namba ya huyo haipo kwenye ujumbe wowote unaozunguka, kwa sababu kila mtaa una wa kwake.